Mgongo wa Taa

Mnara wenyewe si wa kujivunia.
Mnazi wa miaka kumi unaupita kimo.
Ukiutazama kutoka Jomvu, maji yakiwa yamepwa,
utadhani mtu amesahau birika juu ya tope.

Kisiwa nacho ni kisiwa nusu ya siku.
Nusu nyingine ni kiraka
kilichoshonwa na mikoko kwenye bara,
na kaa huvuka bila nauli.

Mamangu, Mwanamkuu binti Shebwana,
alikuwa na kibarua cha kufuta vioo.
Bandari ilimpa shilingi za kuhesabika,
sabuni mche mmoja kwa mwezi, na matambara
yaliyokatwa kutoka sare za watu asiowajua.
Kila Jumatatu na Alhamisi alifunga buibui kiunoni,
akavua viatu, akaweka kimoja ndani ya kingine,
akaingia topeni kama aingiaye kwa jirani
bila hodi.

Jambo moja liliniudhi utotoni.
Taa ile ilitazama mkondo tu.
Upande wa kwetu kioo kilipakwa rangi nyeusi,
nahodha asije akaichanganya na karabai za majumbani.
Sisi tulipewa mgongo.
Mama akisafisha nuru wiki nzima,
tukala wali kwa kibatari.

Nilikuwa na miaka minane siku bamvua lilipotukamata.
Mama alikuwa akibishana na kinyesi cha shakwe,
doa moja, na doa halikubali.
Tulipogeuka, njia haipo.
Maji yalikuwa yamekuja kimya kimya, kama deni.
"Ndoo juu," akaniambia, "na usilie,
chumvi iko ya kutosha."

Saa sita tulikaa ndani ya kile chumba cha kioo,
magoti kwa magoti, joto la taa visogoni.
Iliwaka mara mbili,
halafu giza la kuhesabu saba.
Mbili. Giza la saba.
Shule haikunifundisha hesabu; ilinikuta nayo.

Mama akasinzia. Mimi nilikuwa na msumari mfukoni.
Nikakwangua ile rangi nyeusi,
tundu la ukubwa wa punje ya mtama,
upande wa nyumbani,
ili baba ajue tuko hai.
Baba alisema baadaye aliona nyota imekaa pabaya.

Akaja mkaguzi, Bwana Mwambire, na daftari lake.
Akaandika: kasoro moja, tundu. Akapaka.
Mwaka uliofuata: kasoro moja, tundu. Akapaka.
Miaka kumi na moja ya kasoro ile ile,
nami miaka mitatu ya mwisho
nilikuwa nimeshaolewa Likoni
na sikuwa na msumari.

Siku hizi taa inajiwasha kwa nguvu za jua.
Kibarua kiliisha kwa barua ya mistari mitatu
na mhuri mkubwa kuliko maneno.
Mama yupo, anakaa dirishani.
Ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
Watoto hawa wawili, husema,
hawajaniacha wakaenda kuolewa.

Nikija jioni hunivuta mkono.
"Mato yangu yamepakwa rangi. Nitazamie. Imewaka?"

Natazama. Kule kuna giza la mikoko,
na ng'ambo taa za makontena,
nyingi, za kijinga,
zisizojua kunyamaza hata kidogo.
Tundu silioni.
Pengine limepakwa. Pengine ni mimi.

"Imewaka," nasema.

Midomo yake bado inacheza, taratibu,
kama mtu anayetafuna kitu kidogo.

"Mwongo wee," anasema.
"Ndo kwanza sita. Bado moja."